Madau ya pembeni katika poka: nani amepanga bei?

Chanzo cha mkanganyiko

Anayeanza kufuatilia poka, iwe kwenye matangazo ya mashindano ya Las Vegas au kwenye meza ya kasino yoyote, hulisikia neno "dau la pembeni" katika nafasi tatu, na kila nafasi ina maana yake. Kwanza hulisikia pale mchezaji mmoja anapoishiwa fedha katikati ya mchezo huku wenzake wakiendelea kupandisha: fedha inayoongezwa hutengwa kando. Pili hulisikia wachezaji wanapokubaliana wao kwa wao kuwekeana fedha juu ya jambo ambalo kanuni za poka hazilijui, kama vile nani kati yao atakuwa wa mwisho kutolewa mashindanoni. Tatu hulikuta limechapwa kwenye kitambaa cha meza, duara dogo karibu na dau la kawaida, likiahidi malipo ya mara 40 au hata mara 1,000. Kwa kuwa neno ni moja, watu huyapima mambo haya matatu kwa mizani moja. Anayeliogopa duara la kasino huliogopa pia fungu lililotengwa kando kwa haki, na anayeliamini fungu hilo huishia kuliamini duara.

Poka yenyewe ilikulia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, New Orleans na kwenye meli za mto Mississippi, na sifa yake kubwa ni kwamba wachezaji hushindana wao kwa wao. Kasino inayoendesha meza ya poka halisi hukata ada katika kila fungu, au hutoza kiingilio cha mashindano, na baada ya hapo haijali nani ameshinda. Bei ya kila dau hupangwa na wachezaji: ukipandisha mno wanakimbia, ukipandisha kidogo wanakufuata. Hapo ndipo ninapouweka msingi wa uchambuzi huu. Ubora wa dau la pembeni hauonekani kwenye kiasi linachoahidi kulipa. Unaonekana unapouliza fedha ya mshindi inatoka mfukoni mwa nani, na nani aliyepanga bei kabla karata hazijagawiwa.

Fungu la pembeni ni hesabu tu

Tuanze na lililo rahisi. Asha ana shilingi 10,000 mezani, Baraka ana 30,000, Chausiku ana 50,000, na wote watatu wanasukuma kila walicho nacho. Asha hawezi kumlipa mtu zaidi ya 10,000, kwa hiyo hastahili kudai zaidi ya hapo kutoka kwa yeyote. Mgawaji karata huchukua 10,000 kwa kila mmoja na kufanya fungu kuu la 30,000 ambalo wote watatu wanaligombea. Kisha huchukua 20,000 nyingine kwa Baraka na 20,000 kwa Chausiku, akafanya fungu la pembeni la 40,000 ambalo Asha hana haki nalo. Shilingi 20,000 za Chausiku zilizobaki hazina mpinzani, kwa hiyo zinarudi kwake. Asha akiwa na karata bora kuliko wote na Chausiku akawa wa pili, Asha anachukua 30,000, Chausiku anachukua 40,000 za fungu la pembeni na 20,000 zake, na Baraka anaondoka mikono mitupu. Hapa ndipo watazamaji wengi huchanganyikiwa: Chausiku ameshindwa na Asha, lakini ameondoka na faida ya 10,000. Hakuna muujiza wala upendeleo. Alikuwa na mashindano mawili kwa wakati mmoja, akashindwa katika dogo na kushinda katika kubwa.

Kanuni hii imezaliwa na kanuni nyingine iliyo kubwa zaidi: mchezaji hucheza kwa fedha iliyo mezani wakati karata zinagawiwa, hawezi kutoa nyingine mfukoni, wala hawezi kufukuzwa kwa kukosa ya kuongeza. Filamu za zamani za Marekani hupenda kumwonyesha mtu akitupa saa yake au hati ya shamba mezani ili asishindwe na dau la tajiri. Mezani kwa kweli jambo hilo halikubaliki, na sababu yake ni ya haki: kama lingekubaliwa, mwenye mfuko mzito angeshinda kila mara bila kuonyesha karata zake. Wanaolilaumu fungu la pembeni husema linampa mwenye fedha kidogo starehe ya kusubiri karata zote bila kubanwa, wakati wenzake wanaendelea kutishana. Hilo ni kweli, ila amelilipia kwa kukosa haki ya fungu la pili. Lawama yenye uzito zaidi iko kwenye mashindano, ambako wachezaji wawili waliobaki huacha kupandisha ili wote wafike mwisho na kuongeza nafasi ya kumtoa yule wa tatu. Kila mmoja akifanya hivyo kwa akili yake, ni mbinu halali. Wakiliafiki kwa mdomo, ni njama, na kanuni za mashindano huikataza. Nje ya kasoro hiyo, katika fungu la pembeni hakuna bei iliyopangwa na mtu wa nje, na hakuna kamari mpya iliyoongezwa juu ya ile ya awali.

Wachezaji wanapowekeana dau

Aina ya pili ina utamu wake, na pia ina hatari ambayo haionekani kwa hesabu. Mfano unaojulikana sana ni mchezo wa saba na mbili. Karata 7 na 2 ndizo huhesabiwa kuwa mwanzo mbaya kuliko yote katika poka ya Texas, kwa hiyo meza hukubaliana kwamba atakayeshinda kwa karata hizo atalipwa kiasi fulani na kila aliyeketi. Michanganyiko ya karata mbili za mwanzo ni 1,326, na 16 kati yake ni saba na mbili, yaani asilimia 1.2 hivi. Kila mtu ana nafasi ileile, hakuna anayekata ada, na fedha inazunguka humohumo. Kwa muda mrefu hakuna anayenufaika kwa bahati. Ananufaika anayejua kutishia vizuri na anayejua kumbaini mtishaji. Dau hili hubadilisha uchezaji wa meza nzima, lakini hubadilisha kwa wote, na wote wanajua.

Bima nayo ni makubaliano ya aina hii. Tuseme umeshika ree mbili, ya shupaza na ya uru, na mpinzani ameshika mfalme na malkia wa kopa. Mezani kuna karata nne, mbili kati yake zikiwa kopa, na hakuna jozi. Imebaki karata moja. Karata ambazo hazijaonekana ni 44, na kopa 9 kati yake zitakuangamiza. Mtu wa tatu anakuambia: nipe kiasi fulani, kopa ikitoka nitakulipa mara tatu yake. Inasikika kama huruma. Bei ya haki ingekuwa 35 kwa 9, karibu mara 3.9. Kwa malipo ya mara tatu, muuzaji wa bima anabaki na zaidi ya senti 18 katika kila shilingi unayompa. Akikulipa mara tatu na nusu, anabaki na takriban senti 8. Kuna njia nyingine ya kupunguza maumivu isiyo na muuzaji, nayo ni kugawa karata ya mwisho mara mbili na kila mgao kuamua nusu ya fungu. Wengi hudhani njia hii humnufaisha aliye nyuma. Haimnufaishi. Wastani wa kila mmoja unabaki palepale, kwa sababu kila mgao una uwezekano uleule wa 9 kati ya 44. Kinachopungua ni ukali wa kupanda na kushuka. Mwenye kutaka usingizi mzuri angechagua hii, kwani katika bima huo usingizi anaununua kwa bei ya mwingine.

Jambo linalonitia wasiwasi ni madau ambayo wawili wanayajua na meza haiyajui. Mwaka 2010, kwenye Mashindano ya Dunia ya Poka huko Las Vegas, Mmarekani Tom Dwan alifika wawili wa mwisho katika shindano lenye kiingilio cha dola 1,500. Zawadi ya mshindi ilikuwa zaidi ya dola 600,000 kidogo, lakini kwa Dwan hiyo haikuwa habari kubwa. Alikuwa ameweka madau na wachezaji wengine mashuhuri kwamba atatwaa bangili ya ubingwa, na jumla yake iliripotiwa kuwa mamilioni ya dola. Simon Watt wa New Zealand ndiye aliyemshinda, na kwa ushindi huo akaokoa mifuko ya watu ambao hawakuwa hata wamekaa kwenye meza ile. Hakuna aliyevunja kanuni. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha jinsi dau la pembeni linavyoweza kuwa zito kuliko mchezo wenyewe. Weka mmoja wa waliowekeana dau na Dwan kwenye meza hiyo ya mwisho, na ghafla ana sababu ya kutupa karata nzuri mbele ya Watt, kwa kuwa kumsaidia mgeni kunamlipa kuliko kushinda.

Watetezi wana hoja nzuri: ni watu wazima, fedha ni yao, na hakuna kampuni inayowanyonya. Mwaka 2018 mchezaji wa poka Rich Alati alikubali kukaa siku 30 peke yake ndani ya bafu lenye giza kwa dola 100,000 dhidi ya mchezaji mwenzake Rory Young. Baada ya siku 20 walipatana alipwe dola 62,400 atoke. Jambo kama hilo, hata likionekana la ajabu, halimdhulumu mtu wa tatu. Nakubali. Lakini hoja hiyo inafika mwisho pale dau linapogusa mchezo ambao wengine wamelipia kiingilio. Uhuru wa wawili hauwezi kutolewa kwenye haki ya wanane wasioambiwa. Tena kuna udhaifu wa kisheria ambao wapenzi wa madau haya husahau: kwa kawaida hayana mahakama. Uingereza, Sheria ya Michezo ya Kamari ya 1845 iliyafanya madeni ya kamari yasidaiwe kortini, na hali hiyo ikadumu hadi Septemba 2007. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo sheria ya mikataba ya Tanzania imechota mengi kwake, husema katika kifungu cha 30 kwamba makubaliano ya kuwekeana dau ni batili. Kinachobaki ni heshima ya mtu, na heshima hupungua uzito kadiri kiasi kinavyoongezeka.

Duara dogo kwenye kitambaa

Sasa tufike panapopoteza fedha nyingi. Mwaka 1994 Mwingereza Derek Webb alibuni poka ya karata tatu, mchezo ambao leo uko katika kasino nyingi duniani. Una jina la poka na ngazi za karata za poka, lakini mpinzani wako si mchezaji mwenzako. Ni kasino. Unaweka dau la kuingia, unapewa karata tatu, kisha unaamua kuongeza au kutupa. Kando yake kuna duara la "jozi na zaidi", ambalo hulipa kwa kutazama karata zako tu, bila kujali mgawaji ameshika nini.

Uzuri wa mchezo huu kwa mchambuzi ni kwamba hesabu yake yote inaweza kufanywa kwa kalamu. Michanganyiko ya karata tatu ni 22,100. Kati yake 48 ni mfululizo wa alama moja, 52 ni tatu za namna moja, 720 ni mfululizo wa kawaida, 1,096 ni karata zote za alama moja, 3,744 ni jozi, na 16,440 zilizobaki hazina kitu. Jedwali la malipo lililozoeleka mwanzoni lililipa mara 40, 30, 6, 4 na 1 kwa mpangilio huo. Zidisha, jumlisha, ondoa zile 16,440 unazopoteza, na kasino inabaki na vipande 512 katika kila 22,100, yaani asilimia 2.32. Kisha kasino nyingi zikabadilisha namba moja tu: karata za alama moja zikalipwa mara 3 badala ya mara 4. Faida ya kasino ikapanda hadi asilimia 7.28, zaidi ya mara tatu ya ile ya awali. Mchezaji aliyeketi hapo haoni tofauti. Ile mara 40 iko palepale juu ya orodha, na bado anapoteza karibu mara 74 katika kila 100 kama zamani. Bei imebadilishwa mahali ambapo macho hayafiki.

Jedwali hilohilo linapinga imani nyingine iliyoenea, kwamba dau la pembeni daima ni baya kuliko dau kuu. Kwenye dau la kuingia la mchezo huu, kasino hupata takriban asilimia 3.4 hata kwa anayecheza kwa usahihi. Jedwali la kwanza la jozi na zaidi lilikuwa nafuu kuliko hapo. Kwa hiyo duara halina ubaya wa asili. Ubaya wake ni kwamba bei yake inapangwa na upande mmoja na inaweza kupandishwa bila mnunuzi kutambua, jambo ambalo haliwezekani katika fungu la pembeni wala katika saba na mbili.

Kwa nini kasino huyapenda maduara haya? Sababu kubwa ni muda. Meza inaweza kugawa karata mara kadhaa tu kwa saa, na kila mgao una dau kuu moja. Dau la pembeni huongeza fedha katika mgao uleule bila kuongeza hata sekunde, kwa kuwa mchezaji hana la kuamua. Sababu ya pili ni maarifa. Tangu Edward Thorp achapishe kitabu chake kuhusu mchezo wa ishirini na moja mwaka 1962, kasino zinajua kwamba palipo na uamuzi, mchezaji mwerevu ataipunguza faida yao. Dau lisilo na uamuzi halimpi mwerevu nafasi hiyo: yeye na mlevi wanalipa bei ileile.

Jibu la kawaida ni kwamba haya yote ni burudani, na dola chache si mali. Ni jibu la haki, ila linahitaji bei ili lipimwe. Mtu anayeweka dola 5 kwenye duara hilo mara 40 kwa saa hulipa, kwa wastani, dola 4.64 kwa saa kwenye jedwali la zamani na dola 14.56 kwenye jipya. Huenda burudani ikastahili yote mawili, lakini mnunuzi alipaswa kujua kwamba tiketi imepanda.

Chambo cha jekipoti

Poka ya karata tano ya Karibi ina dau la pembeni la dola 1 linalolisha jekipoti inayokua kila siku. Jedwali lake mojawapo hulipa dola 50 kwa karata tano za alama moja, 100 kwa tatu pamoja na jozi, 500 kwa nne za namna moja, asilimia 10 ya jekipoti kwa mfululizo wa alama moja, na jekipoti yote kwa mfululizo wa alama moja unaoishia kwenye ree. Jekipoti ikiwa dola 100,000, kasino hubaki na senti 34 hivi za kila dola. Inageuka kuwa faida kwa mchezaji inapovuka takriban dola 218,000, na hapo ndipo watu huja na hoja yenye nguvu kuliko zote: subiri ikue, kisha cheza.

Hoja hiyo ni sahihi kihesabu, na bado ina mashimo mawili. La kwanza, huruhusiwi kuweka dola hiyo bila kucheza mchezo wenyewe, ambako kasino hupata asilimia 5.2 hivi ya dau la kuingia. Kwa dau la dola 5, ni senti 26 kila mgao, na kuzifidia jekipoti inabidi ifike karibu dola 307,000. La pili, mchanganyiko wa jekipoti hutokea mara 1 katika 649,740. Kwa migao 40 kwa saa na saa nane kwa siku bila mapumziko, hiyo ni zaidi ya miaka mitano na nusu ya kukaa kitini ili kuupata mara moja kwa wastani. Wastani ambao mtu hawezi kukaa kitini kuusubiri ni wa kasino, inayogawa karata kwa maelfu.

Kwenye vyumba vya poka halisi kuna ndugu yake asiyetazamwa sana: jekipoti ya aliyeshindwa akiwa na karata kubwa mno. Kasino hukata dola moja au zaidi katika kila fungu kuichangia, kwa hiyo kila mshindi amewekewa dau la pembeni bila kuulizwa.

Kupima

Nikiziweka aina tatu kwenye swali nililoanza nalo, hazikai pamoja hata kidogo. Katika fungu la pembeni hakuna mpanga bei, na bila hilo poka ingekuwa mnada wa matajiri, hivyo haliwezi kuachwa. Madau ya wachezaji wenyewe ni halali kwa kadiri yanavyojulikana na meza nzima na kubaki madogo kuliko mchezo, na waandaaji wa mashindano wana sababu ya kutaka yatangazwe. Kwenye duara la kasino, mpanga bei ndiye pia mlipaji, na mnunuzi haoni ila kilele cha orodha ya malipo. Kwa wanaoiona kamari yote kuwa haramu, tofauti hizi hazibadilishi hukumu, nami siwaombi waibadilishe. Wanaoruhusu kamari kisheria ndio wanaodaiwa jibu.

Jibu hilo si gumu. Uingereza, mashine za kamari hutakiwa kuonyesha asilimia inayorudi kwa wachezaji. Namba moja iliyochapwa kando ya duara, 2.32 au 7.28, ingetosha kumwamsha mchezaji wa karata tatu. Wapo watakaosema kwamba wacheza kamari hawasomi namba na kwamba kasino haziguswi. Derek Webb, mbunifu wa karata tatu, baadaye aligharamia kampeni dhidi ya mashine za kubeti zilizokuwa kwenye maduka ya kamari ya Uingereza, ambako mtu aliweza kuweka pauni 100 kila baada ya sekunde 20. Aprili 2019 kikomo hicho kilishushwa hadi pauni 2.